Mpokezi wa Mawimbi ya Mtukufu

Iko nchi moja ya milimani ambayo jina lake silitaji, kwa sababu hata wenyewe hulitaja wakiwa wamesimama wima na kofia mkononi, na msomaji wangu huenda amekaa. Ni nchi yenye amani nyingi. Ina baridi kali, ina Mtukufu mmoja, na ina desturi nzuri inayoitwa upokezi.

Upokezi ni hivi. Katika nchi hiyo jambo baya haliondolewi, maana kuliondoa ni kukiri kwamba lilikuwapo. Hukabidhiwa mtu wa chini, naye hupewa barua yenye muhuri, na maisha yanaendelea. Paa la Wizara ya Ujenzi lilipoanza kuvuja, hakuna aliyepanda kuliziba. Aliteuliwa karani akae chini ya tundu, akakaa masika sita mfululizo mpaka shati lake likaota ukungu. Daktari alipomkataza Mtukufu chumvi, chumvi ile haikumwagwa. Alipewa mwalimu mmoja wa hesabu aile, kijiko kwa kijiko, asubuhi na jioni, mbele ya mashahidi wawili. Presha ilipomuua, shule ikapewa jina lake. Shule yenyewe bado haijajengwa, lakini jina liko tayari.

Semeni alikuwa fundi magodoro, na mumewe Chande alikuwa fundi wa kusuka mota. Walifanya kazi katika chumba kimoja, mke upande wa dirisha na sindano yake ndefu, mume upande wa mlango na waya zake za shaba. Kwa miaka kumi na tisa Semeni alimshikia ncha za waya alipokuwa akisuka koili za pampu na mashine za kusaga, hata mikono yake ikajua kazi ile kabla kichwa hakijaijua. Hawakuwa watu wa kutafuta makuu. Waliomba kabla ya kula na baada ya kula, na katikati walikula.

Sasa Mtukufu alikuwa na maumivu ya mgongo, kwa kuwa alikuwa amekalia kiti kimoja miaka thelathini na moja bila kumpisha mtu. Mgeni kutoka ng'ambo akamletea pedi ya umeme, kitu kama mto mwembamba wenye waya ndani. Ukiichomeka inapata joto, ukiilalia inakanda mgongo. Mtukufu aliipenda kuliko mawaziri wake. Siku ilipokufa, magari manne yalikuja kumchukua Chande.

Chande aliitengeneza kwa nusu saa. Laiti angefunga mkoba wake na kuondoka. Lakini alikuwa mtu mwema, na aliulizwa swali.

"Hii inavuma kidogo. Ni nini?" aliuliza Mtukufu.

"Ni mawimbi, Mtukufu. Umeme ukipita kwenye waya hutoa mawimbi ya sumaku."

"Yanadhuru?"

"Wataalamu bado wanabishana, Mtukufu. Mimi nimekaa nayo miaka yote hii na ninakula vizuri."

"Yanakwenda wapi?"

"Kila upande. Mengine yanashuka tu chini ya kitanda."

"Na chini ya kitanda kuna nani?"

"Hakuna mtu, Mtukufu."

Hilo ndilo jibu lililomponza. Bwana Mfaume Kidoto, Katibu Mkuu wa Ofisi ya Upokezi, alikuwa amesimama pembeni na kalamu yake, na aliposikia maneno hayo alishika ukuta. Miezi mitatu tangu pedi ije, kitu cha Mtukufu kinashuka chini na hakuna wa kukipokea! Kisipopokewa si kitapanda tena? Aliandika barua papo hapo juu ya goti lake. Fundi Chande, kwa kuwa yeye ndiye anayeyafahamu mawimbi, na mawimbi bila shaka yanamfahamu, aliteuliwa kuwa Mpokezi wa Mawimbi. Kituo chake cha kazi kikatajwa kuwa uvungu wa kitanda cha Mtukufu. Hakurudi nyumbani hata kuchukua sweta.

*

Semeni aliruhusiwa kumwona kila Alhamisi baada ya chakula cha mchana, Mtukufu akiwa Bungeni. Alipiga magoti juu ya zulia, akaweka shavu sakafuni, akachungulia.

Chande alikuwa amelala chali juu ya marumaru tupu. Zulia lilikuwa limekatwa kwa umbo la mwili wake ili lisizuie kazi.

"Mume wangu, vipi huko?"

"Nashukuru Mungu." Akakohoa, kikohozi kirefu kilichotoka kwenye mbavu. "Umekonda, Semeni. Unakula?"

"Wewe ndiye unayeniuliza mimi? Hayo mawimbi yanakufanyaje?"

"Mawimbi hata sijayaona. Kinachoniua ni hii sakafu. Joto lote linapanda juu, baridi yote inabaki kwangu. Usiku meno yananigongana mpaka Mtukufu anapiga kitanda ngumi, anasema ninampotezea usingizi."

"Nitakuletea blanketi."

Askari aliyesimama mlangoni alikohoa kwa adabu. "Shangazi, blanketi ni kizuizi. Mpokezi lazima apokee akiwa wazi."

"Mwanangu, huoni kama anakufa?"

"Naona, shangazi. Nimeshaandika kwenye kitabu."

Semeni alirudi nyumbani kwa miguu na aliomba njia nzima. Hakuomba muujiza. Aliomba akili. Na alipofika mlangoni, akili ikaja kama mtu aliyekuwa akisubiri kibarazani: kama mawimbi ndiyo yaliyomweka Chande uvunguni, basi pakitengenezwa pedi isiyotoa mawimbi, Chande atatoka. Atatoka kabla kikohozi hakijammaliza.

*

Alichukua koili ndogo aliyoisuka mumewe, akaiunganisha na spika ya redio mbovu. Akiisogeza karibu na waya wenye umeme, spika inaguna, nnnnn, kama nyuki ndani ya chupa. Akiondoa, inanyamaza. Hicho kikawa kipimo chake.

Pedi ya kwanza aliilaza waya kwa mizunguko mipana, kama ilivyokuwa ile ya ng'ambo. Spika ikaguna hata ikiwa umbali wa nusu ya chumba. Ya pili akapunguza mizunguko, mguno ukapungua kidogo tu. Ya tatu iliungua, ikachoma godoro la mteja. Siku ya tisa, akiwa amekaa na waya mbili mkononi, unaokwenda na unaorudi, vidole vyake vikafanya vilichokuwa vikifanya tangu utotoni kwenye vichwa vya dada zake: vikazisokota pamoja, mmoja juu ya mwingine, msokoto mmoja mwembamba kutoka mwanzo hadi mwisho. Alishona msokoto ule ndani ya pamba, akachomeka, akasogeza koili.

Spika ilinyamaza. Akaigongagonga, akidhani imekufa. Akaipeleka kwenye waya wa taa, ikaguna. Akairudisha juu ya pedi, kimya. Kumbe umeme unaokwenda na ule unaorudi, ukiwabana mwili kwa mwili, mawimbi ya huyu yanafutwa na mawimbi ya yule. Na pedi ilikuwa ya moto kama mkate.

Semeni alipiga magoti palepale na pamba kwenye nywele, akamshukuru Mungu kwa sauti mpaka jirani akagonga ukuta kuuliza kama kuna msiba.

*

Kamati ya Taifa ya Mgongo wa Mtukufu ilikuwa na wajumbe ishirini na wawili, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuumwa mgongo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuinua kitu. Mwenyekiti alikuwa Bwana Kidoto mwenyewe. Alifungua kikao kwa hotuba.

"Waheshimiwa! Mgongo wa Mtukufu si mgongo tu. Ni mlima ambao taifa limeuegemea! Ni ukuta! Ni nguzo! Akiinama, sote tumeinama. Akijikuna, sote tumekunwa!"

Wajumbe walipiga makofi, na wawili walijikuna.

Kipimo cha serikali kililetwa juu ya mto wa mahameli. Kiliwekwa juu ya pedi aliyoileta Semeni, nayo imechomekwa. Mshale ukalala kwenye sifuri. Semeni alitabasamu. Alikuwa peke yake katika kutabasamu.

"Sifuri," alisema Bwana Kidoto polepole. "Mama, mawimbi yamekwenda wapi?"

"Hayajakwenda popote, mheshimiwa. Yamefutana."

"Yamefutana? Kwa idhini ya nani? Kufuta kitu katika nchi hii ni mamlaka ya Mtukufu peke yake."

"Mheshimiwa, ni maumbile tu. Huu unakwenda, huu unarudi. Sasa hayapo, kwa hiyo mume wangu hana cha kupokea. Nimekuja kumchukua."

Mjumbe mmoja mzee, aliyekuwa Jaji Mkuu kabla hajapoteza kumbukumbu, na aliyeendelea kuwa Jaji Mkuu baada ya hapo, aliinua kidole.

"Ikiwa hayapo," alisema, "basi kuanzia pedi hii ilipochomekwa, kuna mwananchi amelala chini ya kitanda cha Mtukufu, saa za kazi, na hafanyi kitu."

"Mzembe!" alisema mjumbe wa pili.

"Mzururaji!" alisema wa tatu.

"Amelala," alisema wa nne kwa uchungu, "na sisi tumekaa!"

Adhabu ya uzembe katika nchi ile ni machimbo ya mawe, miaka kumi na minne. Watu wenye kikohozi hawamalizi mwezi. Semeni alimwona karani akivuta karatasi ya hukumu, akamwona akichovya kalamu.

"Waheshimiwa, nisameheni!" alipiga kelele. "Mimi ni mwanamke wa magodoro, sijui kueleza. Mawimbi yapo! Nimeyasafisha upande wa Mtukufu tu. Ya upande wa chini yanahitaji pedi yake, nami sijaimaliza. Pedi ya Upokezi. Juu sifuri, chini tele!"

Nyuso ishirini na mbili zikang'aa. Juu sifuri, chini tele! Bwana Kidoto aliyaandika maneno yale kwa herufi kubwa, na mwezi uliofuata yalichorwa kwenye stempu.

"Kwa nini hukusema mapema, mama?" alimwuliza kwa upole. "Nusura tumwonee mtu."

*

Basi Semeni, aliyeomba akili ya kuondoa mawimbi, alikaa siku saba kuyatengeneza. Lakini alikaa akiimba. Maana alijua jambo ambalo Kamati haikulijua: waya unaotoa mawimbi hutoa na joto. Alilaza waya kwa mizunguko mipana, kadiri ya mwili wa mumewe, ambao aliujua bila futi. Alishona mto wa pamba nene, akaweka pamba zaidi mahali pa mbavu. Juu yake aliandika kwa wino mwekundu: USILOWESHE. Kipimo cha serikali kilipowekwa juu yake, mshale uliruka hadi mwisho ukagonga chuma. Kamati ilisimama na kupiga makofi.

Alhamisi iliyofuata alipiga magoti akachungulia. Chande alikuwa amelala ubavu, mkono chini ya shavu.

"Semeni," alinong'ona, "wewe mwanamke umefanya nini? Nina joto mpaka vidole vya miguu."

"Nyamaza. Jikunje kidogo, uonekane unateseka."

"Nateseka sana," alisema Chande, na akacheka. Alikuwa hajacheka tangu ateuliwe. Hakukohoa hata mara moja.

Wiki tatu zilipita hivyo. Chande alianza kunawiri. Mashavu yalirudi. Na hapo, Mungu atusamehe, ndipo furaha ilipomsaliti: alianza kukoroma. Hakukoroma kwa maumivu. Alikoroma mkoromo mnene, wa mtu aliyeshiba na kuridhika. Mtukufu, aliyekuwa juu na pedi yake na mgongo wake, aliusikiliza hadi kulipokucha.

Asubuhi alimwita Bwana Kidoto. "Huyu anayepokea," alisema, "mbona analala kuliko mimi?"

Katibu Mkuu aliingiza mkono uvunguni, akautoa haraka kama aliyegusa nyoka. "Mtukufu," alisema, "kuna joto."

*

Kamati iliketi siku mbili. Jaji Mkuu ndiye aliyelitatua. Mawimbi, alisema, yalikabidhiwa kwa Chande kwa barua, na hakuna anayemnyang'anya. Lakini joto halikutajwa katika barua. Joto ni mali ya Mtukufu. Kwa hiyo Mpokezi aendelee kupokea mawimbi, ila joto litolewe.

"Litolewe vipi?" aliuliza mjumbe mmoja.

"Kwa maji," alisema Jaji Mkuu. "Ndoo mbili za baridi, kila asubuhi baada ya kifungua kinywa, bila kuzima pedi. Tukiizima tutakuwa tumekatiza upokezi."

Wote walishangaa kwamba jambo gumu namna ile lilikuwa rahisi namna ile.

Semeni alipata habari kutoka kwa yule askari wa mlangoni, aliyekuja mbio karakanani kwake na kofia mkononi. "Shangazi, wanamwagia maji. Leo. Saa nne." Ilikuwa saa tatu na robo. Alikimbia na mtandio wake ukabaki kwenye ua wa mtu. Alimkuta Bwana Kidoto ofisini, katika jengo lilelile la Mtukufu, akinywa chai.

"Mheshimiwa, maji na umeme! Ile pedi ni ya pamba! Zimeni kwanza, nakuomba kwa jina la mama aliyekuzaa, zimeni halafu mmwagie hata mto mzima!"

"Keti, mama. Una hoja ya msingi." Alivuta karatasi safi. "Tunaiita maoni ya mdau. Jina?"

"Unalijua jina langu! Atakufa!"

"A-ta-ku-fa," aliandika Bwana Kidoto kwa mwandiko mzuri sana. "Kwa kawaida maoni hujadiliwa kikao kinachofuata. Lakini kwa kuwa ni wewe, nitaweka alama ya haraka." Akachora nyota pembeni, akaijaza wino pembe zote tano.

Nyota ilikuwa haijakauka taa za jengo zilipofifia, zikawaka, zikafifia tena, zikazimika. Mahali fulani katika jengo fyuzi ililia pa! Kisha kukawa kimya, kimya kile alichokisikia Semeni siku ya tisa, alipodhani spika imekufa.

*

Ni lazima niseme pia habari njema, maana vyombo vya habari vya nchi ile vilianza nayo. Mtukufu alikuwa amejilaza tena baada ya kifungua kinywa aliposhtuliwa na ukelele uliotoka uvunguni. Aliruka kutoka kitandani kama kijana, na alipotua, mgongo ulikuwa umenyooka. Maumivu yote yalikwisha. Madaktari watatu walithibitisha kwamba Chande alikuwa ameyapokea kwa mkupuo mmoja, pamoja na mawimbi. Ripoti ilisema: "Alipokea yote." Alipewa nishani ya daraja la pili, kwa sababu ya daraja la kwanza huvaliwa na walio juu ya kitanda.

Siku ya tatu baada ya maziko, Semeni aliitwa Ofisi ya Upokezi. Bwana Kidoto alimpa kiti na karatasi mbili.

"Mama, pole. Mtukufu ameguswa mno. Ana huzuni. Na unajua, huzuni haifai kwa afya yake. Tumekuteua wewe kuipokea. Unalia vizuri, tumekuona makaburini."

"Ninamlilia mume wangu."

"Hapo ndipo penye karatasi ya pili. Kuanzia leo machozi yako ni ya Mtukufu. Hii huzuni yako binafsi lazima umkabidhi mtu mwingine, aliye chini yako. Jaza jina."

Semeni aliirudisha karatasi mezani. "Hakuna aliye chini yangu, mheshimiwa. Aliyekuwa chini mmemuua."

"Tafadhali. Fomu haiwezi kubaki wazi."

Semeni alichukua kalamu. Penye "Jina la Mpokezi" aliandika: Mungu.

Bwana Kidoto aliisoma bila kupepesa macho. Alikuwa mtumishi wa umma kwa miaka ishirini na sita, na jina ni jina. "Jina la baba?"

"Hana."

"Cheo serikalini?"

"Hana."

"Basi yuko chini yako, inakubalika." Akapiga muhuri. Kisha akaandika barua ya wito: Bwana Mungu anatakiwa kufika katika ofisi hii bila kukosa, Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi, kupokea kila kilichofanywa kwa Semeni mke wa marehemu Chande. Asipofika, hatua kali zitachukuliwa. "Ataipataje?"

"Isome tu kwa sauti," alisema Semeni.

Akaisoma kwa sauti, neno kwa neno, mpaka mwisho.

Jumatatu Semeni alifika kabla ya wafagiaji. Alikuwa amevaa kanga safi, nywele zimesukwa. Aliketi kwenye benchi la nje, mikono mapajani. Saa mbili na dakika ishirini Bwana Kidoto aliwasili, akamkuta.

"Huyo wako anakuja kweli?"

"Anakuja."

"Asije akapotea. Hili jengo lina milango mingi. Atajuaje aingie ofisi ipi, amwone nani?"

"Si umemwandikia mwenyewe, mheshimiwa?"

Bwana Kidoto alifungua faili, akaitoa nakala. Ilikuwa barua nzuri. Namba ya chumba ilikuwapo, saa ilikuwapo. Na chini kabisa, juu ya muhuri, kwa herufi kubwa ambazo hata asiye na miwani angezisoma kutoka mbali, lilikuwapo jina lake mwenyewe lote, Mfaume Kidoto.

Akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa mbili na dakika ishirini na saba.